SOMO: Kuandaa tafakari ya Injili ya Majilio na Noeli kwenye jumuiya (soma mpaka mwisho kabla hujaniuliza)

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kila mwaka Novemba ikikaribia kuisha simu yangu haipumziki, dada Injili ya Jumapili ni ipi, dada nimepangiwa tafakari kesho asubuhi nisaidie, dada nianzie wapi. Nimejibu hadi nimechoka, sasa naandika mara moja. Mimi ni msomaji na katibu wa jumuiya hapa Moshi mjini, tunakutana Jumamosi saa 12 asubuhi kabla watu hawajaenda sokoni, kwa hiyo haya ni ya jumuiya, sio ya mimbari.

Hatua ya 1. Jua uko mwaka gani wa liturujia. Mwaka wa Kanisa hausubiri Januari, unaanza Dominika, yaani Jumapili, ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, na safari hii ni tarehe 29 Novemba 2026. Chukua mwaka unaokuja, 2027, jumlisha tarakimu zake unapata 11, gawa kwa 3 inabaki 2. Injili za Jumapili zinazunguka kwa miaka mitatu, ikibaki 1 ni Mwaka A wa Mathayo, ikibaki 2 ni B wa Marko, isipobaki kitu ni C wa Luka. Tunaingia B.

Hatua ya 2. Isome Injili yenyewe mara tatu, moja kwa sauti. Kabla ya kufungua tafakari ya mtu yeyote kwenye simu.

Hatua ya 3. Soma mistari kumi ya kabla na kumi ya baada.

Hatua ya 4. Tafuta neno linalokugusa WEWE kabla ya kutafuta linalomhusu jirani. Hapa naomba mtulie, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Desemba 2024, Dominika ya tatu ya Majilio, ulikuwa Mwaka C, Injili ni Luka 3:10-18. Watu wanamuuliza Yohane Mbatizaji tufanye nini, anawajibu makutano, anawajibu watoza ushuru, anawajibu askari. Mimi nilikuwa na hasira zangu, mdogo wangu anauza ndizi sokoni na wiki ile alikuwa ametozwa ushuru mara mbili kwa mkungu uleule, basi nikafika kwenye jumuiya nikakazania hapo kwenye watoza ushuru, nikasema maneno makali kuhusu watu wanaokula jasho la akina mama sokoni halafu Jumapili wanapanga mstari wa komunyo. Na kwenye jumuiya yetu kuna baba mmoja anafanya kazi ya ushuru, soko lingine kabisa, hana kosa lolote na yale yaliyompata mdogo wangu. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakusema kitu, aliinamisha kichwa mpaka sala ya mwisho, akaondoka, na hatukumuona tena Noeli yote mpaka Kwaresima imeisha. Mke wake alikuwa anakuja peke yake na watoto.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba niliporudi kuisoma ile Injili polepole nikakuta Yohane hakuwafukuza wale watu wala hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichopangiwa, basi. Yaani mtu anaweza kukaa kwenye kazi ile ile inayochukiwa na kila mtu na akaandaa njia ya Bwana akiwa pale pale. Ile ilikuwa Habari Njema ya yule baba, iliandikwa kwa ajili yake kabisa, na mimi niliigeuza fimbo nikampigia mbele ya watoto wake.

Kwa hiyo angalizo. Ukijikuta unaandaa tafakari na uso wa mtu fulani unakujia, simama hapo hapo, funga daftari, sali, kalale. Usitumie mafumbo, kwenye jumuiya ya familia kumi na tano fumbo kila mtu analijua. Usimseme aliyechelewa mchango, usimseme mwenye mbege, usimseme binti wa mtu. Na soma jibu la Yesu au la Yohane mpaka nukta, mara nyingi lina huruma kuliko sisi tunaolisoma.

Hatua ya 5. Usichanganye Mathayo na Luka. Nyota, mamajusi na Herode viko Mathayo. Hori, wachungaji na malaika wa usiku ule viko Luka. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu, anataja zawadi tatu, dhahabu, uvumba na manemane, na anasema waliingia nyumbani.

Hatua ya 6. Andaa maswali mawili tu halafu nyamaza watu waongee. Dakika zako kumi zinatosha.

Hatua ya 7. Kuanzia tarehe 17 mpaka 24 Desemba kila siku ina Injili yake ya tarehe, inaanza na ukoo wa Yesu Mathayo 1:1-17. Msiuruke ukoo kwa sababu ya majina magumu. Mle kuna Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, kila mmoja na historia ambayo familia nyingi zingeificha, na wote wameandikwa kwenye ukoo wa Masiha.

Karibuni maswali.

Kaka wa Sakina, Arusha: Dada naomba unitumie tafakari ya Jumapili hii ikiwa imekamilika, niko bize sana.

Jibu: Marko 13:33-37. Mistari mitano. Inaisha kabla daladala haijafika mjini. Hatua ya 2.

Mwanajumuiya wa Majengo: Sasa 2026 si inabaki 1, kwa hiyo ni Mwaka A?

Jibu: Nimeandika chukua mwaka unaokuja. Ni B.

Kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), Njiro: Shikamoo dada. Kwenye hiyo Marko 13 Yesu anasema hamjui bwana wa nyumba atakuja lini, jioni, usiku wa manane, jogoo akiwika au asubuhi. Kwa nini ataje saa nne zote, si angesema tu usiku?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umesoma kweli. Kwanza Warumi waligawa usiku zamu nne za ulinzi, na hizo ndizo zamu zenyewe, muulize mlinzi wa duka lolote pale Mbuyuni atakwambia ipi ni ngumu. Lakini endelea na sura inayofuata, Marko 14. Jioni Yesu anakaa mezani na wale Thenashara. Usiku Getsemane anawaomba wakeshe, anawakuta wamelala, anarudi tena wamelala, mara tatu. Jogoo anawika Petro ameshamkana. Asubuhi, mwanzo wa sura ya 15, wanamfunga na kumpeleka kwa Pilato. Zamu zote nne Bwana alikuja na hakumkuta mtu macho. Mimi nilipoliona hilo Majilio yalibadilika kwangu, sikuona tena kukesha kama kusubiri mwisho wa dunia tu, niliona ni kukaa na mtu wakati anaumia. Tafakari hiyo ifanye wewe na vijana wenzako, usiniachie mimi.

Mama wa Kibosho: Kama ni mwaka wa Marko mbona Dominika ya tatu ni Yohane na ya nne ni Luka? Nilidhani kalenda yetu imekosewa.

Jibu: Haijakosewa mama. Marko ni Injili fupi kuliko zote na haina habari ya kuzaliwa, inaanza moja kwa moja na Yohane mtoni Yordani, na hiyo ndiyo Dominika ya pili, Marko 1:1-8. Ya tatu Kanisa linaazima Yohane 1:6-8 na 19-28, ya nne Luka 1:26-38 Malaika Gabrieli kwa Maria. Hii ya nne inaangukia tarehe 20 Desemba, na Injili ya tarehe 20 kila mwaka ni hiyo hiyo, kwa hiyo mwaka huu vimekutana.

Mdau asiyetaja anakotoka: Wewe ni mlei, nani amekuruhusu kufundisha watu Injili? Homilia, yaani mahubiri ya Misa, ni ya padre.

Jibu: Homilia ndani ya Misa ni ya padre au shemasi, sijawahi kuigusa wala sijaandika hapa kwamba muiguse. Nimeandika jumuiya kwenye mstari wa juu kabisa. Kushirikishana Neno nyumbani ni wajibu wa kila mbatizwa, na paroko wetu ndiye anayetupangia zamu.

Dada wa Pasua: Mkesha wa Noeli na Noeli mchana Injili ni ile ile? Wageni kutoka Dar wamejaa, watoto ndio wengi, nataka nitafakari nao jioni.

Jibu: Sio ile ile dada. Misa ya usiku ni Luka 2:1-14, ya alfajiri Luka 2:15-20, ya mchana Yohane 1:1-18, "Naye Neno alifanyika mwili". Kwa watoto chukua ya usiku, na kama mko kijijini wapeleke bandani waone hori lenyewe, ng'ombe anakula mgomba palepale. Watoto wa Dar wengi hawajawahi kuliona. Wapeni dakika wamwangalie yule ng'ombe, halafu ndio msome. Wakubwa waambie jambo lingine, kwamba pale Luka anaposema hawakupata nafasi, neno la Kigiriki ni kataluma, na analitumia tena sura ya 22 kwa chumba cha Karamu ya Mwisho. Ile gesti ya Msamaria mwema ameiita kwa neno jingine. Kwa hiyo inawezekana kabisa ni chumba cha wageni cha nyumba ya watu, kilichojaa kama nyumba zetu zinavyojaa Desemba, na wazee wetu walilala na ng'ombe ndani ya msonge, hawatashangaa.

Dada wa Pasua: Asante, hapo kwenye nyumba kujaa nimeelewa kabisa, kwetu tunalala sita chumba kimoja. Na yule baba wa ushuru alirudi?

Jibu: Alirudi. Niliwafuata nyumbani kwao na mwenyekiti, nikaomba radhi mbele ya mke wake na watoto kwa sababu nilimkosea mbele yao. Ilichukua muda.

Kaka wa Soweto, Moshi: Nimekosa mshumaa wa waridi wa Dominika ya Furaha, ile ya tatu, kwa ajili ya taji letu la Majilio la mishumaa minne, nimezunguka mjini nzima.

Jibu: Chukua minne meupe. Mitatu funga ribboni ya zambarau, wa tatu kuwashwa funga ya pinki, maduka ya vitambaa wanauza kwa mita. Funga chini karibu na sahani, ukifunga juu utachoma meza.