Jinsi ya kufuata asili ya jina la ukoo la Kifaransa, mfano Lefebvre

Hapa Mombasa tuko wengi tu wenye bibi waliotoka Shelisheli na tunatembea na majina ya Kifaransa tusiyojua yametoka wapi. La kwetu ni Lefebvre, na kulifuata nimetumia simu na bando tu.

Anzia nyumbani, usikimbilie Ufaransa. Kadi ya ubatizo ya bibi nliikuta kwenye mkebe wa biskuti, imekunjwa mara nne, imeandikwa Lefevre bila b, na cheti cha mamangu kimeandikwa Lefebure, jina ni hilohilo moja! Manake waandishi wa zamani waliichomeka ile b kukumbusha Kilatini faber, yaani mhunzi, na haikutamkwa, alafu u na v ziliandikwa sawa kwa hivyo wasomaji wakaanza kusoma "bure". Andika namna zote kwenye daftari na utafute zote.

Maana ni mhunzi. Kusini mwa Ufaransa wanaitwa Fabre au Faure, na kule Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, wenye lugha yao wanaitwa Le Goff. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake so akina Lefebvre si ukoo mmoja, na hao wanaokuuzia ngao ya ukoo mtandaoni wachana nao kabisa.

Sasa rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Cheti cha ndoa ndicho kitamu zaidi, mara nyingi kinataja wazazi wa pande zote mbili na walikozaliwa, na wewe unachotafuta ni jina la mji au kijiji, bila hilo utazunguka tu. Ukilipata, ingia archives départementales za mkoa huo, yaani hifadhi ya nyaraka za mkoa, rejista nyingi zimewekwa mtandaoni bure. Mapadri waliamriwa kuandika ubatizo tangu 1539, na Septemba 1792 kazi ikahamia serikalini, ndo kukawa na faharasa, yaani orodha za majina, za kila miaka kumi, anza na hizo zitakuokolea macho. Ukiona mwezi unaitwa Brumaire usishtuke, ni kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, ilitumika mpaka mwisho wa 1805.

Na hili naomba mlisome polepole. Jina si lazima liwe damu. 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka wa kupeleka visiwa vya Wafaransa huku Bahari ya Hindi, watu wa pwani yetu hii hii jamani. Utumwa ulipoisha Réunion, kimoja cha visiwa hivyo, tarehe 20 Disemba 1848, zaidi ya watu 60,000 waliachiwa huru na wengi ndo wakaandikiwa jina la ukoo kwa mara ya kwanza, karani akiwa na kalamu mkononi. Kwa hivyo kama nyayo za familia yenu zapita Réunion, tafuta kwanza rejista za walioachwa huru, ziko kwa hifadhi ya nyaraka za makoloni ya Ufaransa pale Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, ndo uvuke kwenda vijiji vya Ufaransa.