Jinsi ya kufukua historia ya kiwanda cha ndege za vita pale Willow Run

Kama unakaa pande za Michigan, au una ndugu huku na siku moja utapita eapoti ya Willow Run karibu na Ypsilanti, usiangalie zile ndege za mizigo ukapita zako. Hapo ndo Ford walikuwa wanaunda B-24 Liberator, ndege za kudondosha mabomu, wakati wa vita ya pili ya dunia. Ntakuelekeza mi navyoichimba historia ya sehemu kama hii, na kiwanja kingine chochote ukikipata utafanya hivyohivyo.

Anza na ardhi, makaratasi baadae. Tafuta picha za angani za zamani za eneo lenyewe, moja ya kabla ya 1941 na moja ya baada ya vita, ziweke pembeni ya satelaiti ya leo kwenye simu yako. Ile ya kwanza ni mashamba tu, Henry Ford alikuwa analima soya hapo na kuna kambi ya vijana, na kijito kinachopita ndo kinaitwa Willow Run, jina la kiwanda limetoka huko. Ya pili unakutana na paa moja kubwa ajabu, ranwei, na barabara mpya kutoka Detroit maana wafanyakazi wengi walikuwa wanatokea mjini.

Sasa litizame hilo paa vizuri. Halijanyooka, limekunja kona kama herufi L. Jiulize, laini ya kuunganishia ndege inataka kwenda moja kwa moja, nani anaikunja makusudi? Chukua ramani ya mipaka ya kaunti uiweke juu yake utapata jibu: jengo lilikuwa kaunti ya Washtenaw, na lingeendelea kunyooka lingeingia kaunti ya Wayne, ambako inasemekana kodi ilikuwa juu. Kwa hiyo ndege ikifika pale konani inapanda kwenye meza ya kuzunguka, inageuzwa nyuzi 90, safari inaendelea. Mi hapo ndo niliponasa, kwasababu hilo hakuna bango la kukuambia, unaliona mwenyewe kwenye ramani.

Ukishamaliza ardhi, njoo kwenye namba, na hapa kuwa makini sana. Utakuta kila mtu anaandika ndege 8,685. Ni kweli, ila fungua ndani: 6,792 ndo zilitoka pale zikiwa nzima, zile 1,893 zingine zilitoka vipandevipande, zikabebwa kwenda kuunganishwa Tulsa na Fort Worth. Pia ile habari ya "ndege moja kila saa" ni ya 1944 kiwanda kikiwa kimekolea, sio tangu mwanzo. Mwaka 1942 mambo yalikuwa yanasuasua mpaka watu wakakibatiza Will It Run, yaani hivi hiki kitu kitawaka kweli? Kwa hiyo ukiona namba yoyote, uliza ni ya mwezi gani na wamehesabu nini.

Chanzo cha wazo lenyewe pia kitafute. Charles Sorensen wa Ford alienda San Diego Januari 1941 kwa kampuni ya Consolidated waliobuni hiyo ndege, akakuta wanaunganisha nje juani, fremu za chuma zinatanuka kwa joto, vipimo vinahama. Usiku huohuo hotelini akachora kwa penseli kiwanda cha kutoa ndege kama magari. Kulisanifu jengo akapewa msanifu majengo Albert Kahn.

Watu sasa. Picha za serikali za wakati wa vita ziko bure kwenye tovuti ya Library of Congress, andika Willow Run tu. Zikuze uangalie mikono: kupiga ribiti (zile pini za kushikanisha mabati ya ndege) ni kazi ya wawili, mmoja na bunduki ya upepo upande huu, mwenzake upande wa pili kashika kipande cha chuma kuzuia, na ndege moja inakula ribiti zaidi ya laki tatu. Wanawake wamejaa. Mmoja ni Rose Will Monroe kutoka Kentucky, ila ukikuta mtu anasema ndo yule dada wa bango la wakati wa vita, aliyefunga kichwani kitambaa chekundu chenye madoa, usikubali, lile bango ni la kampuni ya Westinghouse na sio yeye.

Kwa makaratasi yenyewe nenda maktaba ya utafiti ya makumbusho ya The Henry Ford pale Dearborn na Bentley Historical Library kule Ann Arbor. Andika kwanza useme unatafuta nini, usitokee tu mlangoni.

Kufika site, usifanye kama mimi nilivyozunguka nje ya fensi karibu lisaa natafuta jengo ambalo halipo. Baada ya vita walikuja Kaiser-Frazer na magari yao, 1953 General Motors (GM) wakachukua kutengeneza gia boksi baada ya kiwanda chao cha Livonia kuungua, wakafunga 2010, alafu sehemu kubwa ikabomolewa. Kilichobaki ni kipande kilichookolewa na watu wa makumbusho ya ndege ya Yankee Air Museum (siku hizi Michigan Flight Museum), upande wa mwisho wa laini. Kitambue kwa milango yake mikubwa inayoangalia ranwei, ndo walikotolea ndege.