Jinsi ya Kupima Gari la Kampuni ya China Kabla ya Kulinunua: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Kwa miaka mingi, mtu wa Nakuru, Kisumu au Bungoma aliyetaka gari alichagua kati ya njia mbili: ama alitafuta Toyota au Nissan iliyokwisha kutumika Japani, ama alichukua pikapu mpya ya Isuzu ikiwa mfuko wake uliruhusu. Sasa majina mengine yamesimama sokoni, kama vile BYD, Chery, Haval na MG, na kila anayeyasikia huuliza swali lile lile: je, gari la Mchina litadumu? Swali hilo halina jibu, kwa sababu linakusanya pamoja makampuni mengi yasiyofanana hata kidogo kwa umri, kwa mtaji wala kwa ubora. Swali lenye jibu ni jingine: gari hili likiharibika nikiwa hapa nyumbani, nani atawajibika, atatumia vipuri kutoka wapi, na ataendelea kuwajibika kwa muda gani? Maelezo yafuatayo yanaonyesha jinsi ya kulitafutia swali hilo majibu kabla ya kutoa pesa.

Anza na kampuni yenyewe

Mwaka 2023 China iliipita Japani na kuwa nchi inayouza magari mengi zaidi nje ya mipaka yake, yapata milioni 4.9 kwa mwaka huo mmoja. Viwanda vyake vinaweza kuunda magari mengi kuliko soko la nyumbani linavyoweza kununua, na makampuni yamekuwa yakipunguziana bei kwa vita vikali. Marekani mwaka 2024 iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya China, na Umoja wa Ulaya ukaongeza ushuru wake mwaka huo huo. Ndiyo maana wauzaji wanayatazama kwa bidii masoko ya Afrika, Amerika ya Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki. Jambo hili lina manufaa kwa mnunuzi, kwani kampuni inayotafuta jina katika soko jipya hukubali masharti ambayo kampuni iliyokwisha kujijengea jina isingeyakubali. Lina hatari pia, kwa kuwa si makampuni yote yanayofika hapa yatakayobaki.

Tafuta basi historia ya kampuni. BYD ilianzishwa Shenzhen mwaka 1995 ikitengeneza betri, ikaingia katika magari mwaka 2003, na mwaka 2022 ikaacha kuunda magari yanayotumia petroli peke yake. Chery ilianzishwa mwaka 1997 mjini Wuhu. Geely ndiyo iliyoinunua Volvo ya Sweden mwaka 2010, na MG, ambayo ilikuwa ya Uingereza, sasa ni ya SAIC ya Shanghai. Haya ni makampuni yenye mizizi. Kwa upande mwingine, WM Motor iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2023. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Neta, ambayo gari lake dogo la umeme, Neta V, lilianza kuunganishwa Mombasa mwaka 2024. Mwaka uliofuata kampuni mama, Hozon, iliingia katika mchakato wa kufilisika huko China. Aliyenunua gari hilo hakufanya kosa lolote la udereva wala la matunzo, lakini sasa inambidi ategemee uwezo wa wakala wa hapa nchini kumtafutia vipuri na programu.

Angalia pia kama gari hilo hilo linauzwa katika nchi nyingine zinazotumia usukani wa kulia, kama vile Afrika Kusini, Australia, Uingereza au Thailand. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Dashibodi, mfumo wa usukani na hata taa za mbele za gari la usukani wa kulia hazifanani na za gari linalouzwa China, kwa sababu taa humulika upande tofauti wa barabara. Modeli inayouzwa kwa wingi Afrika Kusini itakuwa na vipuri vinavyoweza kuagizwa kutoka huko hata wakala wa Nairobi akifunga mlango.

Usalama huulizwa kwa modeli, si kwa jina la kampuni

Sifa mbaya ya zamani haikutoka hewani. Mwaka 2005 shirika la wenye magari la Ujerumani, ADAC, liliigongesha Landwind katika jaribio na matokeo yakawa ya kutisha. Miaka miwili baadaye Brilliance BS6 nayo ilifanya vibaya. Mwaka 2012 nchini Australia, maelfu ya magari ya Great Wall na Chery yaliitwa yarudishwe baada ya asbesto kupatikana katika gasketi. Kisha mambo yakabadilika: mwaka 2022 Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, iliipa BYD Atto 3 nyota tano, alama yake ya juu kabisa, na magari ya ORA na WEY, ambayo yote ni ya Great Wall, yakapata nyota tano vilevile.

Usikimbilie kufurahi. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Global NCAP, shirika lingine la upimaji wa namna hiyo, ilipima magari yanayouzwa Afrika, na pikapu ya Great Wall Steed 5 ikatoka bila nyota hata moja, huku Haval H1, ambayo pia ni ya Great Wall, ikipata moja. Kampuni ile ile ilikuwa na uwezo wa kuunda gari la nyota tano kwa Mjerumani na kumuuzia Mwafrika gari lisilo na nyota. Jambo hili linaniudhi, na ninadhani lingepaswa kumuudhi kila mnunuzi wa bara hili kiasi cha kumfanya aulize kwa sauti. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha nyota, mwulize zilitolewa kwa modeli gani, ya mwaka gani, na yenye vifaa gani. Kisha ingia ndani ya gari lililo mbele yako uhesabu mifuko ya hewa, ukague kama lina mfumo wa kuzuia kuteleza, na ulinganishe na gari lililopimwa. Likipungukiwa na vifaa hivyo, nyota zile si zake.

Vipuri na fundi: hapa ndipo penye kazi

Toyota Probox haipendwi magharibi mwa Kenya kwa sura yake. Inapendwa kwa sababu ikikatika bushi Luanda au Mumias, kuna duka la spea hatua chache mbele na fundi anayeifungua bila kusoma kitabu. Pikipiki za Kichina zilishinda vijijini kwa sababu hiyo hiyo, na malori ya FAW na Howo yamejipatia nafasi katika machimbo na mashamba ya miwa kwa kuwa mafundi wamekwisha kuyazoea. Gari dogo la Kichina bado halijafika hapo, na mnunuzi anapaswa kupima pengo hilo kwa macho yake.

Andika orodha ya vitu vinavyoharibika au kuvunjika kwa kawaida: filta za mafuta na hewa, brekipedi, shoko za mbele, bushi, radieta, bampa ya mbele, taa moja ya mbele, kioo cha mbele, kioo cha pembeni na sensa ya oksijeni. Mpelekee wakala orodha hiyo na umwombe aandike kando ya kila kimoja bei yake, kama kipo ghalani leo, na siku kitakazochukua kufika kama hakipo. Mwombe aweke muhuri. Halafu ipeleke orodha hiyo hiyo kwa wauza spea wa mjini kwako, Nakuru au Kisumu, bila kutaja bei za wakala. Utakachopata ni picha ya kweli ya gharama zako za miaka mitano ijayo, na mara nyingi hicho ndicho kitakachokuamulia. Wakala anayekataa kuandika bei za vipuri kabla ya mauzo hatakuwa mwepesi wa kuzitaja baada ya mauzo.

Fundi naye apimwe. Magari mengi ya kisasa ya Kichina yana injini ndogo yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) na gia otomatiki ya klachi mbili, jambo ambalo ni tofauti na Toyota ambazo mafundi wetu wamekua nazo mikononi. Gia ya namna hiyo inahitaji mafuta yake maalumu na mashine ya kusoma hitilafu inayoielewa kompyuta ya gari. Nenda kwenye gereji unayoiamini, mtajie fundi modeli na mwaka, na umwulize kama mashine yake inalisoma gari hilo. Akisema atajaribu, hesabu kwamba hana.

Kisha tafuta wamiliki. Usiridhike na mtu aliyelichukua gari mwezi uliopita, kwa sababu kila gari jipya hupendeza. Mtafute dereva wa teksi au mfanyabiashara aliyevuka kilomita 60,000, na umwulize gari lilisimama mara ngapi, lilisubiri kipuri kwa muda gani, na wakala alipokea simu kwa namna gani.

Soma waranti hadi mwisho

Chery iliporejea Afrika Kusini mwaka 2021, baada ya kuondoka awali, iliwapa wanunuzi waranti ya injini ya miaka 10 au kilomita milioni moja. Ahadi hiyo iliwavuta wengi, na ilikuwa njia ya busara ya kuondoa hofu, lakini ilimhusu mmiliki wa kwanza peke yake. Masharti ya namna hiyo ndiyo ya kutafutwa: nani anafunikwa, sehemu gani zimeachwa nje, kama barabara ya vumbi inahesabiwa kuwa matumizi mabaya, na nani ametia saini, mtengenezaji au wakala. Saini ya wakala pekee huisha nguvu siku anapopoteza mkataba wake.

Uliza pia sevisi inafanyika wapi. Waranti nyingi huvunjika gari likifanyiwa sevisi nje ya gereji iliyoidhinishwa. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350. Ukiendesha kilomita 30,000 kwa mwaka na gari likatakiwa sevisi kila kilomita 10,000, utasafiri kama kilomita 2,100 kwa mwaka kwa ajili ya kubadilisha mafuta tu. Ikiwa ni kila kilomita 5,000, zidisha mara mbili. Hapa ndipo nguvu yako ya kujadiliana ilipo: omba barua inayoidhinisha gereji ya mjini kwako, au ahadi ya maandishi ya fundi wa kampuni kukufuata. Kampuni inayotaka kweli kuaminiwa na watu wa magharibi itaona maana ya ombi hilo.

Lijaribu katika barabara zako

Kuzunguka mtaa wa lami wenye wakala hakutoshi. Aliye Kisumu na alipandishe gari kuelekea Kiboswa na Majengo likiwa na abiria wanne na kipoza hewa kikifanya kazi. Aliye Nakuru na alipeleke Mau Summit, au alipandishe njia ya kwenda ukingo wa Menengai. Mlimani, sikiliza kama gia inasitasita au kutoa harufu ya kuungua unapokwenda polepole nyuma ya lori. Injini yenye tabo haichoki sana katika miinuko, nayo ni sifa ya kweli ya magari haya. Pita pia penye mashimo ukisikiliza shoko, na upime nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, hasa kama nyumbani kwako ni Ahero au Budalang'i ambako udongo mweusi na mafuriko havina huruma.

Kama ni gari la umeme

Bonde la Ufa ndilo linaloipa nchi umeme wa mvuke wa Olkaria, na tangu 2023 Kenya Power ina bei maalumu ya kuchaji magari ambayo hushuka saa ambazo matumizi ya umeme ni machache. Mabasi ya umeme ya BYD chini ya kampuni ya BasiGo yamebeba abiria Nairobi tangu 2022. Kwa hiyo wazo lenyewe si la mbali. Uliza mambo matatu. Kwanza, aina ya betri: ile ya chuma na fosfati huvumilia joto na kujazwa hadi mwisho mara kwa mara kuliko zile za nikeli. Pili, plagi: GB/T ni ya China na CCS2 ni ya Ulaya, na kituo chenye moja hakikufai ukiwa na nyingine. Tatu, waranti ya betri, ambayo kwa kawaida ni miaka 8, inatamka uwezo wa betri wa kutunza chaji ukishuka hadi asilimia ngapi ndipo ibadilishwe. Panga pia safari yako ndefu zaidi ukizingatia kwamba kupanda kutoka Kisumu hadi Mau Summit hula betri kuliko kushuka, ijapokuwa kushuka hurudisha kiasi fulani.

Malipo na karatasi

Kabla ya kulipa, pigia simu kampuni ya bima uulize kama inalikatia gari hilo bima kamili na kwa kiwango gani, kisha uliza benki au sacco yako kama italikubali kuwa dhamana ya mkopo. Majibu yao yatakueleza thamani ya gari hilo mkononi mwa mtu wa pili vizuri kuliko maneno ya muuzaji. Lipa kupitia benki kwa jina la kampuni iliyo kwenye mkataba, na hakikisha logbuku inahamishwa kwa jina lako kupitia eCitizen.

Tunza pamoja mkataba, waranti, orodha ya bei za vipuri yenye muhuri na kila risiti ya sevisi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 iko upande wako, na dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo haikulazimishi kuwa na wakili, ila itataka kuona karatasi hizo.