Namna ya kununua na kuuza sarafu za zamani bila kupigwa, kwa kujua kila kanda ina bei yake

Wengi tukianza kukusanya sarafu tunashika katalogi, tunasoma bei, tunaamini hiyo ndo bei basi. Alafu unaenda kwa dila mmoja anakutajia nusu, unaenda kwa mwingine mji wa mbali anakutajia karibu mara mbili, unatoka hapo unasema wote wezi. Sio wote wezi (wapo, ntawafikia). Shida ni kwamba ndani ya nchi moja sarafu ileile inaweza kuwa na masoko matatu manne, na katalogi inakupa wastani tu, kama mtu akikuambia hali ya hewa ya nchi nzima kwa namba moja.

Kabla hujatoa hela jiulize: hii sarafu ilitengenezwa wapi, ilizunguka wapi mikononi mwa watu, na sa hivi nani anaililia. Majibu yanaweza kuwa sehemu tatu tofauti kabisa, na faida ya mnunuzi mjanja iko humo.

Ntatumia Marekani kama mfano maana kule mambo haya yako wazi sana. Walikuwa na viwanda vingi vya sarafu na kila kimoja kina herufi yake: Philadelphia ndo mama yao tangu 1792, S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City kule Nevada, C ni Charlotte. D sasa ndo mtego, kwasababu mpaka 1861 D ni Dahlonega, Georgia, na kuanzia 1906 D ni Denver. Kwahiyo usisome herufi peke yake, soma na mwaka. Dahlonega walitengeneza dhahabu tu, ukiona mtu anakuuzia senti ya "Dahlonega" rudisha hela mfukoni taratibu.

Charlotte na Dahlonega vilifanya kazi 1838 mpaka 1861 tu, na watu wa kusini wanazipenda zile dhahabu kama mtoto wa nyumbani. Kwahiyo ukizikuta kwa dila wa kaskazini au magharibi ambaye hana wateja wa hizo, kuna nafasi ya kuongea bei vizuri kuliko ukimfuata dila wa Georgia ambaye ana wateja watano wanasubiri simu yake. Kuuza ni kinyume chake, peleka kwao. Hii ndo sheria yangu kubwa, nunua mbali na mapenzi, uza karibu na mapenzi.

Ila usiifuate kama kipofu, maana kuna swali la pili, sarafu zilienda kukaa wapi. Chukua dola za fedha aina ya Morgan za Carson City. Mtu anaona CC, anakumbuka migodi ya fedha ya Nevada, anasema hizi lazima adimu, zilichakaa kule kule kwa wachimbaji. Kumbe mamilioni yalikaa kwenye maghala ya hazina ya serikali yakiwa mapya kabisa, na serikali ikaja kuyauza kwa njia ya posta kati ya 1972 na 1980. Ya mwaka 1884 CC zilitengenezwa 1,136,000, na kwenye lile ghala zikakutwa zaidi ya laki tisa! Ya 1889 CC ikakutwa moja tu. Herufi zilezile, kiwanda kilekile, bei mbingu na ardhi. Kwahiyo dila akikuimbia "Carson City, Carson City" muulize mwaka gani, na ya 1884 ikiwa mpya usilipe bei ya uadimu, unalipia jina tu.

Hata kwenye chenji ya kawaida utaiona hii. Robo dola zenye P (ya Philadelphia) zinajaa mashariki, zenye D (ya Denver) zinajaa magharibi, kwasababu kila kiwanda kinahudumia upande wake. Unayetaka seti kamili usinunue kwa dila, tafuta mkusanyaji wa upande wa pili mbadilishane moja kwa moja, yeye kwake ni takataka na wewe kwako vilevile. Ujerumani pia ni hivyohivyo, viwanda vitano (A Berlin, D Munich, F Stuttgart, G Karlsruhe, J Hamburg), na mwenye roho ya kukamilisha anataka zote tano za kila toleo. Kubadilishana kumeokoa pochi za watu wengi huko.

Haya, madila wenyewe. Dila wa mji mdogo mara nyingi anaishi kwa dhahabu na fedha za kupima kwa uzito, sarafu za wakusanyaji ni za pembeni. Ukimpelekea kitu adimu atakupa bei ya madini au juu yake kidogo, na sio lazima awe anakuibia, hana wa kumuuzia ndo maana. Lakini hukohuko ndo watu wanaleta makopo ya babu yaliyofunguliwa juzi, vitu ambavyo havijawahi kupita kwa mtaalamu. Kwahiyo mji mdogo ni wa kununua, uwe tu na subira na ujue unachokitafuta kuliko anayekuuzia. Mji mkubwa una wabobezi, mwingine anauza senti za shaba tu maisha yake yote, huyo hutamzidi akili ila atakupa bei nzuri ukimuuzia kitu chake. Dila yeyote muulize "ungeinunua kwangu shingapi?" kabla hujauliza anauza shingapi. Tofauti ya hizo mbili ndo inakuambia soko la pale likoje, ikiwa pana sana ujue hiyo sarafu pale haitembei.

Maonyesho makubwa, kama lile la Florida kila Januari, yanasawazisha bei maana madila wa nchi nzima wako chini ya paa moja. Vitu vizuri vinahama mikono kati ya wao kwa wao kabla mlango haujafunguliwa kwa sisi wengine. Nenda siku ya kwanza kama unatafuta kitu maalum, nenda siku ya mwisho kama unatafuta bei, mtu anafunga masanduku hataki kubeba uzito kurudi nao.

Na kodi usisahau. Kila jimbo lina sheria yake, mengine yanasamehe sarafu, mengine yanasamehe kuanzia kiasi fulani, na Oregon, Montana, New Hampshire, Delaware na Alaska hayana kodi ya mauzo ya jimbo. Zamani watu walikwepa kwa kuagiza jimbo lingine, ila tangu hukumu ya mahakama ya juu ya Marekani ya 2018 muuzaji wa mbali anaweza kulazimishwa kukata kodi ya kule mzigo unakoenda. Piga hesabu hiyo kabla hujashangilia bei ya chini.

Sasa wezi. Kwasababu herufi moja inabadilisha bei, kuna watu kazi yao ni kubandika herufi. Dola ya Morgan igeuze upande wa tai, chini ya shada, juu ya D na O za neno DOLLAR, ndipo herufi inapokaa. Shika lenzi, weka taa pembeni sio juu, alafu iinamishe polepole. Herufi ya kweli imeota kutoka kwenye uso wa sarafu, ya kubandika utaona kimstari au kivuli chembamba kimeizunguka kwenye mguu. Weka kwenye mizani, inatakiwa gramu 26.73, ikiwa imechakaa itapungua kidogo, ila ikizidi achana nayo. Ya 1893 S, ambayo zilitengenezwa laki moja tu, angalia herufi T kwenye LIBERTY, ya kweli ina kimstari kidogo kilichoinuka sehemu ya juu ya hiyo T. Na mizani haitakusaidia na herufi ya kubandikwa maana sarafu yenyewe ni ya kweli, ni mwaka sahihi, ni fedha kweli, uongo ni ile herufi tu.

Intaneti imepunguza hizi tofauti za kanda, siwezi kubisha. Sarafu iliyofungwa kwenye plastiki na kampuni ya kupanga madaraja (wanaikagua kama ni ya kweli na kuipa daraja la ubora) inauzika bei karibu moja kila mahali. Ila ile iliyo wazi, ambayo picha haionyeshi kama ilisuguliwa na dawa, bado inamtaka mtu aishike mkononi, kwahiyo bei yake bado inafuata ilipo. Na ukiiona hiyo mji wa mbali na dila anakataa kukurudishia hela ndani ya siku kadhaa baada ya kuipokea na kuikagua, iache hukohuko.