Namna ya Kuchagua Bodi ya Kamera kwa Picha za Wanyamapori na Mwendo wa Kasi

Anayetafuta kamera ya kupigia picha za duma, ndege au magari ya mashindano hukutana dukani na namba mbili zinazotajwa kuliko nyingine zote: idadi ya megapikseli na idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde. Namba hizo si za uongo, lakini peke yake hazimwambii mnunuzi kama atarudi nyumbani na picha aliyoitaka. Picha ya kiumbe anayekimbia hupatikana pale ambapo ulengaji (fokasi), usomaji wa kihisi kinachopokea mwanga, bafa (kumbukumbu ya muda ndani ya kamera) na kadi ya kumbukumbu vinakwenda kwa kasi inayolingana, na kimoja kikizembea, namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haina msaada wowote.

Tenga kwanza fedha za lenzi

Katika hifadhi za taifa za Tanzania, gari la watalii kwa kawaida haliruhusiwi kuacha barabara, na abiria hashuki isipokuwa mahali palipotengwa. Simba akilala mita 80 kutoka barabarani, mpiga picha naye atabaki mita 80. Umbali huo haupunguzwi na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, bali na lenzi. Kwa wanyama wakubwa, lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 400 hutosha mara nyingi. Kwa ndege, 500 au 600 ndipo pa kuanzia. Kwa hiyo ulizia kwanza bei ya lenzi, iondoe kwenye bajeti, kisha kinachobaki ndicho kitakachonunua bodi. Ninashauri bila kusita bodi ya daraja la kati yenye lenzi nzuri ya milimita 500 kuliko bodi ya bei ya juu iliyofungwa lenzi inayoishia 200. Bodi utaibadilisha baada ya miaka michache. Lenzi utakaa nayo.

Lenzi ndiyo pia inayokufunga kwenye kampuni. Lenzi za Canon za EF hufanya kazi vizuri kwenye bodi mpya za RF kwa kutumia adapta, na za Nikon za F huingia kwenye bodi za Z kwa adapta ya FTZ, ila lenzi kuukuu za Nikon zisizo na mota ndani yake hazitalenga zenyewe kwenye adapta hiyo. Anayerithi au kuazima lenzi kwa ndugu au mwajiri afanye uchaguzi wake kwa kufuata lenzi hizo.

Kihisi kikubwa au kidogo

Kihisi kamili (full frame) kina milimita 36 kwa 24. Kile cha APS-C ni kidogo zaidi, na huifanya lenzi ionekane ndefu kwa mara 1.5 kwenye Nikon, Sony na Fujifilm, na mara 1.6 kwenye Canon, yaani lenzi ya milimita 500 hukata eneo la mandhari linalolingana na la lenzi ya 750 au 800. Kwenye mfumo wa Micro Four Thirds, ambao OM System wanautumia, kizidishio ni 2.

Hapa wengi hudanganyika kwa namna mbili. Wapo wanaodhani kihisi kidogo hurefusha lenzi kwa kweli, na wapo wanaodhani kihisi kamili hushinda daima kwenye mwanga hafifu. Jambo la kuangalia ni idadi ya pikseli zinazomwangukia mnyama mwenyewe. Nikon D850 ina megapikseli 45.7 kwenye kihisi kamili. Ukikata picha yake kufikia eneo la APS-C unabaki na takriban megapikseli 19, ambazo zinakaribia 20.9 za Nikon D500. Kwa ndege aliye mbali, kamera hizo mbili zinakaribiana sana. Lakini ukikata picha ya kihisi kamili chenye megapikseli 24, unabaki na kama 10 tu. Vilevile, ubora wa kihisi kamili alfajiri, pale unapohitaji kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde kwa tundu la lenzi la f/6.3 na ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) inapanda hadi 6400 au zaidi, unapatikana kama mnyama ameijaza fremu. Ukishalazimika kukata nusu ya picha, sehemu kubwa ya faida hiyo imekatwa pamoja nayo.

Kwa maoni yangu, mwenye bajeti ya wastani anayependa ndege anufaike na APS-C bila kuona kwamba amepungukiwa. Mwenye kupiga picha za tembo wa Amboseli, au simba wanaolala karibu na barabara, huku akitaka mandhari na mwanga wa mwisho wa jioni, kihisi kamili kitamfaa zaidi.

Ulengaji ndio moyo wa uchaguzi

Kama kuna sehemu moja ya kutumia muda mwingi kabla ya kulipa, ni hii. Mchukue duma anayenyemelea swala katika nyasi kavu za Serengeti. Mabua yako mbele ya uso wake, mengine yanayumba, na kila moja lina ukingo mkali unaoivutia kamera kuliko manyoya yenye madoa. Bodi isiyotambua wanyama itaruka kutoka jichoni hadi kwenye bua, na duma akichomoka itakuwa bado inahangaika kwenye nyasi. Bodi yenye utambuzi mzuri wa jicho la mnyama hukaa usoni, na hata bua likipita mbele hurudi haraka palepale.

Canon EOS R5 ya mwaka 2020 na Sony a1 ya mwaka 2021 ni miongoni mwa kamera zilizowazoesha wapiga picha kutegemea ulengaji wa jicho la ndege, na teknolojia hiyo sasa imeshuka hadi kwenye bodi za bei nafuu zaidi kama Canon EOS R7. Hata hivyo, maneno “hutambua wanyama” kwenye tangazo hayatoshi. Uliza mambo matatu: je, inatambua ndege au wanyama wenye miguu minne tu, je, inaendelea kumfuata kiumbe baada ya kitu kingine kukatiza mbele yake, na je, unaweza kuiwekea eneo dogo la kutafuta, ili isikimbilie nyumbu wa nyuma wakati wewe unamtaka wa mbele. Ulizia pia programu ya ndani ya kamera, kwa maana masasisho hubadilisha uwezo huu waziwazi: Nikon Z8 ilitoka mwaka 2023, na mwaka uliofuata sasisho la 2.00 liliiongezea hali maalumu ya kutambua ndege.

Kamera za kioo (DSLR) hazijafa. Nikon D500 ya mwaka 2016, yenye pointi 153 za kulenga, na Canon EOS 7D Mark II ya mwaka 2014, yenye pointi 65, bado hupiga picha safi za vitendo mikononi mwa mtu aliyejifunza kushikilia pointi mahali pake. Tofauti ni kwamba kazi ya kumweka mnyama chini ya pointi hubaki kwako.

Fremu nyingi, na jinsi zinavyopatikana

Namba za fremu kwa sekunde hutajwa mara nyingi kwa shata ya kielektroniki. Shata hiyo haina pazia; kihisi husomwa mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, na kama usomaji ni wa polepole, kitu kinachokwenda kasi hupinda kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Chukua gari la Safari Rally, mashindano yaliyorudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kufanyika Naivasha. Likikatiza mbele yako kwa kilomita 120 kwa saa, linakwenda mita 33 kwa sekunde. Kihisi kinachosomwa kwa 1/30 ya sekunde kitaliacha lisogee zaidi ya mita moja kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho: gari litaonekana limeegemea upande, na magurudumu yatakuwa na umbo la yai. Kwa usomaji wa 1/250, ambao unakaribia mwendo wa pazia la shata ya kawaida, gari husogea kama sentimita 13 tu, na jicho halioni kasoro. Mabawa ya ndege wadogo hupindika vivyo hivyo.

Tiba ni kihisi cha tabaka, ambacho kina kumbukumbu iliyojengwa nyuma yake ili kisomwe haraka. Sony a9 ya mwaka 2017 ilifungua njia hiyo, kisha zikafuata nyingine, zikiwemo Nikon Z9 na Z8, ambazo hazina kabisa shata ya pazia, Fujifilm X-H2S na OM-1. Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, husoma kihisi chote kwa wakati mmoja na kufikia fremu 120 kwa sekunde, lakini ISO yake ya msingi huanzia 250. Asiye na fedha za kihisi cha tabaka hajapoteza yote: R7 hupiga fremu 15 kwa sekunde kwa shata yake ya pazia, na kwa wanyama wengi hizo zinatosha. Atumie kielektroniki kwa mnyama aliyetulia au anapohitaji ukimya.

Anayepiga picha za mpira usiku aangalie jambo moja zaidi. Taa za uwanja hupepesa kwa kasi isiyoonekana na macho, na shata ya kielektroniki inayosoma polepole huzigeuza kuwa mistari ya mwanga na kiza juu ya jezi za wachezaji. Hakikisha bodi ina kinga ya mpepeso, na kwamba kinga hiyo hufanya kazi katika aina ya shata utakayotumia.

Kuna uwezo mwingine ninaouthamini kuliko fremu zenyewe: kamera kuhifadhi picha za nusu sekunde au zaidi kabla hujabonyeza kitufe hadi mwisho. Furukombe wa Ziwa Naivasha hukaa kwenye tawi dakika nyingi, kisha huondoka ghafla, na kidole cha binadamu huchelewa. Ukiwa na uwezo huu, mabawa yanayofunguka yameshahifadhiwa. OM-1 hufanya hivyo kwa faili ghafi (RAW, data ya kihisi kabla haijageuzwa kuwa JPEG); Nikon Z8 na Z9 hufanya kwa JPEG peke yake.

Bafa na kadi

Piga hesabu mwenyewe. Faili ghafi la megapikseli 45, hata likibanwa bila kupoteza ubora, hukaribia megabaiti 50 au kuzidi. Fremu 20 kwa sekunde ni gigabaiti moja kila sekunde. Kadi ya SD ya UHS-II haivuki megabaiti 312 kwa sekunde hata kinadharia, kwa hiyo bafa itajaa na kamera itapunguza mwendo, pengine wakati huohuo nyumbu wanaruka mtoni Mara. 7D Mark II hukwama baada ya faili ghafi kama 31, yaani sekunde tatu; D500 yenye kadi ya XQD hufika 200. Kama bodi unayoitaka inatumia kadi za kasi za CFexpress, bei ya kadi mbili iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kubana faili ghafi zaidi ya hapo husaidia sana, na katika kazi hii hasara yake ni ndogo.

Vumbi la Tsavo ni sababu tosha ya kutonunua bodi ya plastiki isiyo na mikanda ya mpira inayozuia maji na vumbi. Bodi zisizo na kioo pia hula betri haraka, kwa hiyo beba mbili au tatu, na upendelee bodi inayochajiwa kwa USB-C ndani ya gari.

Kununua iliyotumika

Watu wengi wa Afrika Mashariki hununua bodi zilizotumika, au mpya kutoka Dubai. Kwa mpya, uliza kwa maandishi kama dhamana inatambuliwa unakoishi. Kwa iliyotumika, anza na idadi ya mibonyezo ya shata. D500 na 7D Mark II zimepimwa kwa mibonyezo 200,000. Kisha piga picha ya anga jeupe kwa f/16 uikuze uone madoa kwenye kihisi, na ukague pini za tundu la kadi kwa tochi. Mwisho, nenda nayo barabarani na lenzi yako mwenyewe. Lenga bodaboda anayekuja moja kwa moja kwako, piga mfululizo hadi bafa ijae, kisha geukia kunguru wanaoruka. Fungua picha zote, ukitazama jicho au taa ya mbele kwa ukubwa kamili. Fremu moja au mbili zenye ukungu katikati ya mfululizo ni kawaida. Zikiwa nusu, na muuzaji anasema tatizo ni lenzi, omba kujaribu kwa lenzi nyingine kabla hujatoa hela.