SOMO: Kumvutisha mgonjwa wa CF antibayotiki nyumbani (soma yote kabla hujaniuliza)

Wakuu za jioni. Inbox yangu imejaa swali lilelile, dawa inawekwaje, mashine inaoshwaje, mbona mtoto anakohoa akivuta, nimechoka kuandika jibu moja kwa kila mtu kwa hiyo naliweka hapa. Mwanangu ana CF, saistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi na vijidudu vinahamia humo. Huku kwetu wengi wanazungushwa kwanza na dawa za TB au pumu. Mimi sio daktari, dozi utapewa na wako, mimi naelezea kazi ya mikono tu.

Dawa tunayotumia sisi ni tobramaisini ya kuvuta, miligramu 300 kwenye mililita 5, asubuhi na jioni, siku 28 unatumia siku 28 unapumzika. Inapiga kidudu kinaitwa sudomonasi. Dozi ya kwanza kabisa ikafanyikie hospitali, wampime pumzi kabla na baada, maana kuna wanaobanwa kifua papo hapo.

1. Nawa mikono.

2. Antibayotiki inakuja MWISHO. Anaanza na salbutamoli, ile dawa ya kufungua kifua, kama ameandikiwa, halafu maji ya chumvi ya kuvuta, halafu mazoezi ya kifua akohoe mpaka yatoke. Ukiitanguliza dawa inakaa juu ya makohozi, baada ya nusu saa anayatema na dawa yako humo humo, na bei yake mnaijua.

3. Kichupa kizima kwenye kikombe cha nebulaiza, yaani ile mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, usichanganye na kitu.

4. Akae wima, avute kwa mdomo, pumzi za kawaida. Kama pua inamwibia dawa mwekee kibanio. Ni kama dakika 15, mvuke ukianza kukatika katika basi imeisha.

5. Dozi ya pili baada ya saa 12. Umechelewa? Zisikaribiane chini ya saa 6.

6. KUOSHA. Hapa ndipo watu wanaharibu na mimi niliharibu. Sudomonasi anaishi majini, kwenye sinki, kwenye bomba, kwenye sponji lako la vyombo, sasa ukiacha kikombe kibichi unamfugia nyumba halafu kesho unawasha mashine unampeleka mwenyewe mpaka ndani ya mapafu. Kila baada ya kuvuta fungua vipande vyote, osha na sabuni ya vyombo na maji ya moto, kisha chemsha dakika 5 kama kitabu cha mashine kinaruhusu (nebulaiza za wavu, zinazopitisha dawa kwenye kichujio chenye matundu madogo sana, zina masharti yake, soma). Toa kwa kibanio kisafi, panga juu ya tishu safi, hewa ikaushe. USISUUZE tena na maji ya dumu baada ya kuchemsha, umerudi mwanzo. Usifute na kanga. Siki na magadi haviaminiki kwa kazi hii. Na usiondoke jikoni, mimi niliitwa getini kidogo tu sufuria ikakauka, narudi kikombe kimenywea na jikoni kunanuka plastiki, kupata kingine shughuli. Mpira unaoleta hewa kutoka kwenye mashine hauchemshwi, ukiona umande ndani washa mashine tupu mpaka ukauke.

7. JOTO. Friji, digrii 2 mpaka 8, ndani ya foili yake maana haitaki mwanga. Nje ya friji inavumilia mpaka siku 28 lakini isizidi digrii 25, na Dar ya Januari hiyo 25 utaipata wapi? Umeme ukikatika hamishia kwenye kulubox, barafu isigusane na dawa, isigande. Manjano kidogo ndio rangi yake, msiogope.

MASWALI

Mtoto wa Tandika: Mkuu nipe duka nikachukue hiyo, kikohozi wiki ya pili sasa.

Mwenye uzi: Soma kichwa cha habari. Sio dawa ya kikohozi cha vumbi. Kapime.

Mama Wawili: Ahsante dada kwa somo. Nauliza, kama inamsaidia kwa nini tupumzike siku 28, si nimpe mfululizo?

Mwenye uzi: Swali zuri shost. Ukimpa bila kupumzika vijidudu vinaizoea dawa. Ratiba hiyo ya kutumia na kupumzika ndiyo iliyofanyiwa majaribio, Marekani wakaipitisha 1997. Kuna madaktari mwezi wa mapumziko wanaweka dawa nyingine, aztrionamu au kolistini, muulize wako. Ila mazoezi na maji ya chumvi hayana likizo. Na akisema masikio yanalia, ripoti haraka, familia hii ya dawa inagusa masikio.

Fundi Kimara: Jentamaisini ya sindano ipo kila duka bei chee, si namimina hiyo hiyo?

Mwenye uzi: Usifanye. Za sindano nyingine zina vihifadhi vinavyobana kifua. Daktari akikuandikia kwa sababu zake sawa, sio wewe na muuza duka mkakubaliana kaunta.

Bi Shamsa: Mwanangu, sisi tumepewa kolistini ya unga. Naweza kukoroga asubuhi, ya jioni nikaiweka friji?

Mwenye uzi: Shikamoo bi mkubwa. Hapana, koroga uitumie hapo hapo. Ikishakorogwa inaanza kugeuka kitu kinachoumiza mapafu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa Marekani walitoa onyo baada ya mgonjwa aliyevuta iliyokorogwa mapema kufariki.

Bi Shamsa: Marahaba. Mungu akuweke, nilikuwa nakaribia kufanya.

Fundi Kimara: Je nikisuuza na maji ya chupa ya dukani?

Mwenye uzi: Ya chupa ni ya kunywa, hayajauliwa vijidudu vyote. Namba 6 umeisoma?

Mdau Mbagala: Nyongeza wakuu, joto hili watoto wa CF wanapoteza chumvi nyingi kwenye jasho, wa kwangu akicheza mpira anarudi uso una ungaunga mweupe. Clinic walituambia tumwongezee chumvi kwenye chakula na ORS iwepo.

Mwenye uzi: Kweli kabisa, hata ukimbusu shavu unaisikia. Asante mdau.

Mama Wawili: Tuandae siku tukutane Coco Beach na watoto wafahamiane!

Mwenye uzi: Watoto hapana dada, wenye CF wanaambukizana hivi vijidudu, wanatakiwa wakae mbali angalau mita 2. Wazazi tu, na mihogo atalipa Fundi Kimara.