Wanaolala vibarazani Mwanza: halmashauri ianzie wapi

Mtu anayelala nje hapa Mwanza humtambui mchana. Mchana ni kuli wa soko la samaki la Mwaloni, muokota makopo, au kijana anayeosha magari stendi. Utamjua saa 6 usiku, maduka yakishafungwa na mlinzi akishakoka moto wake, atakapotandika boksi kibarazani. Kwa hiyo kazi inaanza kwa kuhesabu, tena usiku.

Hesabu

Hesabuni kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri. Mkichelewa, Mwaloni Kirumba kumeshachangamka, mikokoteni inapishana, na aliyelala pale ameshakunja boksi lake. Kila timu iwe na watu 3: ofisa ustawi wa jamii, mtu anayejulikana mtaani hapo (mwenyekiti au mjumbe), na kijana aliyewahi kulala nje. Huyo wa tatu apewe posho sawa na wenzake, maana ndiye anayejua watu wamejibanza nyuma ya magunia gani na chini ya daraja lipi la mto Mirongo. Polisi waandikiwe barua ya taarifa ila wasiambatane na timu. Sare ikionekana, mluzi mmoja tu unatosha kuviacha vibaraza vitupu.

Jambo la pili ni mpaka. Tangu 2012 Mwanza ina halmashauri mbili, Jiji kwa upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, lakini mtu huyohuyo analala Kirumba na kubeba mizigo Soko Kuu. Halmashauri zote mbili zihesabu usiku uleule na zitumie daftari moja. Bila hivyo kuna atakayeandikwa mara mbili na atakayekosekana kote.

La tatu ni mwezi, na hili husahaulika sana. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika na vibarua wake wanakuwa nchi kavu. Hesabuni mara mbili, wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi. Ya giza peke yake itawakosa walioko majini. Ya mbalamwezi peke yake itamwandika mvuvi mwenye nyumba yake Ukerewe kuwa hana makazi.

Fomu iwe ukurasa mmoja, maswali 5: umelala hapa siku ngapi wiki hii, mara ya mwisho ulilala ndani ya nyumba wapi, nini kilikutoa, una kitambulisho gani, unaumwa wapi. Msianze na "kwenu wapi?" Swali hilo kwao maana yake ni lori la kurudishwa kijijini, na majibu yote yatakayofuata yatakuwa ya uongo. Ndugu wa wagonjwa waliolazwa hospitali ya Bugando na abiria waliokwama stendi ya Nyegezi waandikwe kando. Wanahitaji msaada, ila si huu.

Kabla ya kufikiria operesheni

Kamatakamata ina gharama: mafuta ya lori, posho za askari, siku za mahakamani. Matokeo yake ni kwamba watu walewale wanarudi baada ya siku chache, safari hii hawana blanketi, hawana karatasi zao, na hawataki tena kusikia habari za mtu wa halmashauri. Kuna na upande wa sheria. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mwanasheria wa halmashauri ayasome kabla ya kuandika sheria ndogo yoyote ya "kusafisha mji".

Chumba kwanza, na kiwe karibu

Ufini tangu 2008 wanatanguliza ufunguo wa nyumba, halafu ndipo zinafuata huduma nyingine. Kwetu ufunguo huo ni geto, chumba kimoja cha kupanga, na kinachomzuia kijana anayefanya ukuli si kodi ya mwezi. Kinachomzuia ni mkupuo. Mwenye nyumba anataka miezi 3 au 6 mbele, dalali naye anataka mwezi wake, wakati kijana anapata pesa yake kwa siku. Anaweza kulipia chumba kwa mwaka mzima kidogo kidogo, lakini hawezi kulipia siku ya kuingia. Pengo hilo ndilo la halmashauri kuziba, na ni rahisi kuliko kujenga kituo.

Hesabu ya mfano, badilisheni bei kwa ya mtaa wenu: chumba 40,000 kwa mwezi, miezi 6 ni 240,000. Dalali 40,000. Godoro, chandarua, ndoo na jiko, tuseme 110,000. Jumla ni 390,000 kwa mtu. Kwa watu 50 ni 19,500,000.

Kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, miezi 3 kwanza na 3 baadaye, mwenyekiti wa mtaa akisaini kama shahidi. Mkataba uwe kwa jina la mpangaji mwenyewe. Kuanzia mwezi wa pili naye aweke 1,000 kila siku kwenye akiba ya simu, ili miezi 6 ikiisha awe na karibu 150,000 mkononi. Akiambiwa aweke 30,000 kila mwisho wa mwezi, haitawekwa.

Makosa makubwa hutokea kwenye kuchagua mtaa. Vyumba vya bei nafuu viko Buhongwa au Kisesa, na mhasibu atavipenda. Lakini kuli anatakiwa awe Mwaloni alfajiri, daladala bado hazijaanza, na bodaboda itakula ujira wake wote. Baada ya wiki 2 atarudi kulala kibarazani huku chumba kimelipiwa. Tafuteni Kirumba, Kitangiri, Igogo au Mabatini, hata kama ni juu mawe­ni ambako maji yanapandishwa kwa ndoo. Wawili wakitaka kuchangia chumba sawa, ila wachaguane wenyewe. Kupangwa kwa orodha ya ofisini huishia kwenye ugomvi wa godoro.

Kituo cha kulala kina nafasi yake, kidogo: vitanda 20 hivi, mtu asizidi siku 14 akisubiri chumba. Kiwe na makabati yenye kufuli, kwa sababu wengi hukataa kituo kwa kuogopa wizi. Na geti lisifungwe saa 2 usiku, wakati mbeba mizigo bado yuko kazini.

Barua ya mtaa

Bila barua ya serikali ya mtaa hakuna NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Bila NIDA hakuna laini ya simu kwa jina lako, na akaunti ya benki inakuwa shida. Mwenyekiti naye anakataa kuandika kwa sababu "huyu si mkazi wangu". Mkurugenzi atoe waraka unaokubali ofisi ya ustawi wa jamii ya kata itumike kama anwani ya muda. Hii ni karatasi moja, na inafungua milango mingi kuliko magodoro.

Baada ya hapo ndipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) inaweza kumfikia, kwa kuwa inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba na akaunti. Mkimsukuma kwenye kikundi kabla hajawa na kitambulisho, jina lake litatumiwa na wajanja.

Wasioingia kwenye mpango wa vyumba

Watoto, yaani wote chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Hao ni wa ofisa ustawi na kamati ya ulinzi ya kata. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure. Mtoto asirudishwe mpaka ustawi wa wilaya ya kwao wamefika nyumbani na kujua nini kilimtoa, kwani kama ni kipigo, kipigo kinamsubiri. Baada ya kurudi atembelewe wiki ya 1, mwezi wa 1, wa 3 na wa 6. Bajeti nyingi huwa na nauli ya mtoto na hazina nauli ya kumfuata, hapo ndipo mpango unapovunjika. Wekeni pia sare na madaftari. Elimu ni bila ada tangu 2016, lakini mtoto hapelekwi darasani akiwa na kaptula iliyochanika.

Bibi aliyekimbia kijiji kwa kuitwa mchawi asirudishwe hata akikubali kwa mdomo. Mgonjwa wa akili apate mtu mmoja, kwa jina, wa kumshikia dawa. Dawa ikikatika, chumba nacho kimekwisha.

Bajeti

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na rasimu huiva miezi mingi kabla. Hesabu ikifanyika Agosti au Septemba, takwimu zinawahi; ikifanyika Februari, subirini mwaka mwingine. Bajeti ya vyumba msiiweke kwenye kasma (kifungu cha matumizi) ya dharura, ndiyo hukatwa kwanza. Iandikwe chini ya ustawi wa jamii kwa jina lake: kulipia vyumba watu 50 kwa miezi 6. Diwani anaweza kuitetea sentensi hiyo barazani. "Kuimarisha ustawi wa makundi maalumu" hakuna atakayeitetea. Na kwa kuwa mapato ya ndani hayaingii kwa mkupuo, ingizeni watu kwa robo mwaka, 12 au 13 kila robo.

Yule kijana wa timu ya kuhesabu abaki kazini kama mfuatiliaji, apite vyumbani mara moja kwa wiki. Mpangaji akikosekana usiku 3 mfululizo, amfuate kwenye maskani yake ya zamani kabla mwenye nyumba hajabadilisha kufuli.